Istilahi za Uga wa Alama Arobaini katika Rekodi za Vitabu vya Maktaba

1. Utangulizi

Mwenye kutafuta kitabu maktabani huonyeshwa jina la mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipochapishwa na mwaka wake. Hayo yote yameandikwa kwa maneno, na kila ajuaye kusoma huyaelewa. Lakini katika maktaba zitumiazo kompyuta upo mstari mwingine ambao kwa kawaida msomaji haonyeshwi. Mstari huo una alama arobaini kamili, hauzidi wala haupungui. Kwa alama hizo mashine hujibu maswali kama haya: nitolee riwaya zote za Kiswahili zilizochapishwa Tanzania kati ya mwaka 1970 na 1980, au, nitolee kamusi zote zilizotolewa Kenya.

Makala haya yanakusudia kueleza mstari huo umeundwaje, na kuonyesha ni istilahi zipi za Kiswahili zifaazo kuufundishia. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wakutubi peke yao. Sivyo. Mwongozo wa kazi hii ukitafsiriwa kwa uzembe, kosa la mfasiri halibaki katika ukurasa wa mwongozo. Linahamia katika kila rekodi itakayoandikwa na kila mkutubi aliyeusoma. Kitabu kilichosimbwa vibaya kimo rafuni, lakini kwa mtu anayekitafuta kwa njia ya mashine ni kama hakimo.

2. Asili ya utaratibu huu

Utaratibu tunaouzungumzia unaitwa MARC. Ulianzishwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington katika miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Henriette Avram. Majaribio yalianza mwaka 1966, na kuanzia mwaka 1969 maktaba nyingine ziliweza kupelekewa rekodi hizo katika tepu za sumaku. Mwaka 1999 taratibu za Marekani na za Kanada ziliunganishwa, ukapatikana utaratibu uitwao MARC 21, ambao hadi leo unatumika katika nchi nyingi.

Ili kuelewa kwa nini mstari wa alama arobaini ulihitajika, tuifikirie kadi ya katalogi. Mkutubi akiona kadi iliyoandikwa "Dar es Salaam", anajua mara moja kwamba mji huo uko Tanzania. Akiona jina la kitabu ni la Kiswahili, anakisia kwamba na kilichomo ndani ni Kiswahili. Mashine haijui wala haikisii. Haina budi kuambiwa kila jambo waziwazi, mahali palepale kila mara, kwa alama zilezile. Hiyo ndiyo kazi ya mstari huu, ambao katika MARC umepewa namba 008.

3. Muundo wake

Nafasi za mstari huu huhesabiwa kuanzia 00 hadi 39. Kila nafasi ina swali lake, na jibu lake ni alama moja. Maswali mengine huhitaji nafasi mbili, tatu au zaidi. Kwa vitabu, mpangilio wake ni huu ufuatao:

Nafasi 00 hadi 05: tarehe rekodi ilipoingizwa, kwa tarakimu sita, yaani mwaka, mwezi na siku.
Nafasi 06: aina ya tarehe ya uchapishaji.
Nafasi 07 hadi 10: mwaka wa kwanza. Nafasi 11 hadi 14: mwaka wa pili, kama upo.
Nafasi 15 hadi 17: nchi au mahali pa uchapishaji.
Nafasi 18 hadi 21: vielelezo, kama picha, ramani na michoro.
Nafasi 22: wasomaji waliokusudiwa.
Nafasi 23: umbo la kitabu, kama vile maandishi ya vipofu, maandishi makubwa au filamu ndogo.
Nafasi 24 hadi 27: aina ya yaliyomo, kama vile kamusi, ensaiklopedia, takwimu au tasnifu.
Nafasi 28: kama ni chapisho la serikali.
Nafasi 29: kama ni chapisho la mkutano. Nafasi 30: kama ni kitabu cha kumtukuza mwanachuoni. Nafasi 31: kama kina fahirisi.
Nafasi 32: haikupewa kazi.
Nafasi 33: umbo la kifasihi.
Nafasi 34: maelezo ya maisha ya watu.
Nafasi 35 hadi 37: lugha.
Nafasi 38: kama maneno ya rekodi yamebadilishwa yasiwe sawasawa na ya kitabuni.
Nafasi 39: chombo kilichoitengeneza rekodi.

4. Istilahi za msingi

Kabla ya kuingia katika nafasi moja moja, yatupasa kukubaliana juu ya majina ya vitu vyenyewe.

Mstari mzima tunapendekeza uitwe "uga", wingi "nyuga". Uga ni uwanja uliozungushiwa mpaka, na kila uga wa rekodi umewekewa mpaka wake na namba yake. Neno "uwanja" lenyewe limekwisha kubeba mizigo mingi, tangu uwanja wa mpira hadi uwanja wa ndege.

Kwa kuwa uga huu haurefuki wala haufupiki, wapo waliopendekeza uitwe "uga wa urefu maalumu". Pendekezo hili hatulikubali. "Maalumu" humfanya msomaji adhani kwamba urefu wenyewe una heshima fulani ya pekee, hali linalosemwa ni kwamba haubadiliki. Bora "uga wa urefu thabiti".

Kila kimoja katika vile arobaini tusikiite "herufi". Miongoni mwake zimo herufi, zimo tarakimu, na zimo nafasi zisizoandikwa kitu. Neno linalovikusanya vyote ni "alama". Pahali alama inapokaa paitwe "nafasi".

Jibu linaloandikwa katika nafasi tuliite "msimbo", na kitendo chake "kusimba". Wapo wanaosema "kodi". Neno hili lina madhara. Mtumishi wa serikali akisoma "kodi ya nchi ya uchapishaji", atauliza inalipwa wapi na nani anadaiwa.

Kuhusu mashine yenyewe, wasomaji wetu wa zamani watakumbuka kwamba "ngamizi" lilipendekezwa, na "tarakilishi" bado linatumika, hasa Kenya. "Kompyuta" limewashinda wenzake kwa matumizi, nasi tunalifuata.

5. Mahali penye hatari

Katika maandishi ya kawaida, neno lenye maana mbili huokolewa na maneno yaliyo jirani nalo. Msimbo hauna jirani. Kwa sababu hiyo kanuni yetu ni moja: misimbo miwili inayotofautiana sharti ipewe istilahi mbili zisizoweza kubadilishana. Tutaonyesha kwa mifano.

(a) Toleo na chapa. Katika nafasi 06, msimbo s husema kwamba kitabu kina mwaka mmoja tu unaojulikana. Msimbo r husema kwamba kitabu kimechapwa upya kutokana na kile cha zamani. Hapo mwaka wa kuchapwa upya huandikwa kwanza, na mwaka wa asili huandikwa wa pili. Sasa tazama jinsi wachapishaji wetu wanavyoandika. Kitabu kimoja husema "toleo la pili" na maandishi yake hayakuguswa hata nukta. Kingine husema "chapa ya pili" na ndani mna sura mbili mpya. Mkutubi akifuata maneno hayo yalivyo, atakosea pande zote mbili. Tunapendekeza "toleo" liwe ni kitabu ambacho maandishi yake yamepitiwa na kubadilishwa, na "chapa" iwe ni kukipiga mtambo tena bila kukibadilisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Ile ya mwaka 2004 ni toleo la pili kwa maana hii, kwani kamusi yenyewe ilipitiwa upya. Kwa hiyo haisimbwi r.

(b) Mwaka usio na hakika. Vitabu vingi vya pwani vimeandikwa mwaka wa Hijri. Miaka katika uga huu huandikwa kwa kalenda ya Miladi, na mwaka mmoja wa Hijri kwa kawaida huangukia katika miaka miwili ya Miladi. Mwaka 1388 wa Hijri, kwa mfano, ulianza 1968 ukaishia 1969. Kama kitabu hakina tarehe nyingine, msimbo unaofaa ni q, kisha 1968, kisha 1969. Msimbo huu tuuite "mwaka wa kukisia", tusiuite "mwaka usiojulikana", maana usiojulikana una msimbo wake, nao ni n. Kukisia ni kujua mipaka; kutojua ni kutojua.

(c) Nchi. Misimbo ya nchi ya MARC si ile inayotumika katika taratibu nyingine za kimataifa. Tanzania ni tz, Kenya ni ke, Uganda ni ug. Hapa hapana tatizo. Lakini kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Lubumbashi husimbwa cg, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Na katika orodha ya herufi mbili ya Shirika la Kimataifa la Viwango, herufi hizohizo ni za nchi ya pili, ile ya Brazzaville. Oman katika MARC ni mk. Tena kitabu kilichochapishwa London husimbwa enk, yaani Uingereza yenyewe, bila Scotland wala Wales. Hivyo Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa London mwaka 1951, ni enk, ingawa mwandishi wake ni wa Tanga. Nafasi hii haiulizi mwandishi ni wa wapi. Basi istilahi yake isiwe "nchi ya kitabu", iwe "nchi ya uchapishaji".

(d) Wasomaji waliokusudiwa. Katika nafasi 22, msimbo b ni wa watoto wa miaka sita hadi minane hivi, na msimbo c ni wa miaka tisa hadi kumi na mitatu. Mfasiri wa haraka huandika kwamba b ni "shule ya msingi". Nchini Tanzania shule ya msingi inachukua makundi yote mawili, na hivyo msimbo c utabaki bila kazi. Tunapendekeza "watoto wa madarasa ya mwanzo" kwa b, na "watoto wa madarasa ya kati" kwa c. Tena, kitabu cha kisomo kwa watu wazima ni e, yaani watu wazima, hata kama maneno yake ni mepesi na maandishi yake ni makubwa. Kumweka mzee anayejifunza kusoma pamoja na vitabu vya watoto si kosa la maktaba peke yake, ni kumvunjia heshima.

(e) Chapisho la serikali. Nafasi 28 hutofautisha serikali kuu (f), serikali ya jimbo au mkoa (s), serikali za mitaa (l), na sehemu ya nchi yenye mamlaka yake ya ndani (a). Neno la Kiingereza linalotumika kwa s hutaja dola na pia hutaja jimbo. Mfasiri akiandika "ya dola", kila waraka wa wizara utasimbwa s, na f itabaki tupu. Swali moja tunawaachia wasomaji: machapisho ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yaingie wapi? Kwa maoni yetu msimbo a ndio unaoelekea zaidi, lakini lililo muhimu ni maktaba zote zikubaliane, zisigawanyike kila moja na lake.

(f) Fahirisi. Neno hili limetumika kwa orodha ya sura zilizo mwanzoni mwa kitabu, kwa orodha ya maneno iliyo mwishoni pamoja na namba za kurasa, na hata kwa orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Nafasi 31 inauliza la pili tu: kitabu kina orodha hiyo inayohusu yaliyomo ndani yake chenyewe? Kama kinayo, 1. Kama hakina, 0. Karibu kila kitabu kina orodha ya sura, basi maana ikilegea, vitabu vyote vitapewa 1 na nafasi haitakuwa na faida. Tunapendekeza orodha ya sura iitwe "yaliyomo", ya mwishoni iitwe "fahirisi", na ya maktaba iitwe "katalogi".

(g) Umbo la kifasihi. Nafasi 33 ina misimbo ambayo Kiswahili kina majina yake ya asili: riwaya ni f, hadithi fupi ni j, tamthilia ni d, insha ni e, barua ni i, hotuba ni s, ushairi ni p. Tarakimu 0 ni kwa maandishi yasiyo ya kubuni. Hapa tahadhari ni mbili. Kwanza, "hadithi" pekee haifai kuwa istilahi, maana yaweza kuwa riwaya, yaweza kuwa ngano, na tena yaweza kuwa Hadithi za Mtume. Pili, utenzi unaosimulia vita vilivyotokea kweli bado ni p. Kinachoulizwa ni umbo la maandishi. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ni tamthilia, kwa hiyo ni d.

(h) Wasifu. Katika nafasi 34, maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe ni a, ya mtu mmoja yaliyoandikwa na mwingine ni b, ya watu wengi ni c. Shaaban Robert ametuachia mifano miwili kamili: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni a, na Wasifu wa Siti binti Saad ni b. "Tawasifu" na "wasifu" zatosha.

(i) Lugha. Kiswahili ni swa. Msimbo huu ni wa lugha ya maandishi yaliyomo kitabuni. Mabepari wa Venisi ni swa. Kwamba asili yake ni ya Shakespeare kwa Kiingereza, hilo huandikwa katika uga mwingine, namba 041. Vilevile msimbo swa hausemi chochote juu ya hati. Utenzi uliopigwa chapa kwa herufi za Kiarabu na ule uliopigwa kwa herufi za Kirumi yote ni swa, na tofauti ya hati huelezwa katika uga namba 546. Kwa hiyo mtu asiseme kitabu "kimeandikwa Kiarabu" kwa sababu tu ya herufi zake. Msemo huo, ambao tunausikia kila siku, ukiingia katika nafasi 35 utakitoa kitabu cha Kiswahili katika hesabu ya vitabu vya Kiswahili.

(j) Nafasi tupu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nafasi isiyoandikwa kitu, ambayo katika miongozo huonyeshwa kwa alama #, nayo ni msimbo. Katika nafasi 34 maana yake ni kwamba kitabu hakina maelezo ya maisha ya mtu. Katika nafasi 22 maana yake ni kwamba wasomaji hawakutajwa au hawajulikani. Katika nafasi 39 maana yake ni kwamba rekodi imetengenezwa na chombo cha taifa cha bibliografia. Kumbe kutoandika ni kusema, tena ni kusema mambo tofauti kila mahali. Mkutubi ambaye hakuchunguza jambo hapaswi kuacha tupu. Ipo alama nyingine, kijiti kisimamacho |, isemayo kwamba hakuna aliyejaribu kusimba. Tunapendekeza # iitwe "alama tupu", na | iitwe "alama ya kujazia". Neno "hakuna" lisitumike kwa yoyote kati ya hizo mbili.

6. Mfano mmoja

Tuchukue diwani ya mashairi iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1974, isiyo na picha wala fahirisi, na rekodi yake iwe imeingizwa na maktaba ya kawaida tarehe 12 Machi 2024. Uga wake utakuwa hivi:

240312s1974####tz############000#p#swa#d

Msomaji azihesabu alama hizo, atazikuta arobaini. Tarehe ya kuingizwa, s kwa mwaka mmoja, 1974, mwaka wa pili hakuna, tz na alama tupu moja, kwa kuwa msimbo wa nchi una nafasi tatu, kisha alama tupu za vielelezo, wasomaji, umbo, yaliyomo na serikali, sifuri tatu kwa mkutano, kitabu cha kumtukuza mwanachuoni na fahirisi, nafasi 32, p kwa ushairi, alama tupu kwa wasifu, swa, alama tupu, na d, maana yake si chombo cha taifa.

Sasa mkutubi asahau alama tupu moja tu baada ya tz. Kila kilicho kuliani kwake kitasogea kushoto kwa hatua moja. Herufi p itahamia nafasi 32 isiyo na kazi, na nafasi ya umbo la kifasihi itakuwa tupu. Herufi s itaingia katika nafasi ya wasifu, ambako haina maana. Nafasi za lugha zitasomeka wa#. Kwa jicho la binadamu kosa hili halionekani, ila kwa mashine diwani ile si ushairi tena, wala si ya Kiswahili. Kwa ajili hiyo walimu wanaofundisha kazi hii wawazoeze wanafunzi kutaja namba ya nafasi kabla ya kutaja msimbo, na kutamka 0 kuwa "sifuri", isichanganywe na herufi o.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

alama: herufi, tarakimu au nafasi tupu moja katika rekodi
alama tupu: msimbo usioandikwa kitu, wenye maana kufuatana na nafasi yake
alama ya kujazia: alama ionyeshayo kuwa hapakufanywa jaribio la kusimba
chapa: kuchapwa kwa kitabu bila kubadilisha maandishi yake
fahirisi: orodha ya maneno au mambo yaliyomo kitabuni pamoja na kurasa zake
katalogi: orodha ya vitabu vya maktaba
kusimba: kuandika jambo kwa msimbo
msimbo: alama au kundi la alama lisimamalo badala ya maelezo
nafasi: mahali pa alama moja, penye namba
rekodi: maelezo yote ya kitabu kimoja katika katalogi
toleo: kitabu ambacho maandishi yake yamepitiwa na kubadilishwa
uga wa urefu thabiti: uga ambao idadi ya alama zake haibadiliki

Istilahi hizi si sheria, ni mapendekezo. Wakutubi wa mikoani, walimu wa vyuo na wafasiri ndio watakaozijaribu kazini, na ndio watakaojua ipi inakwama ulimini na ipi inapita. Tunawaomba watuletee maoni yao, hasa juu ya misimbo ya wasomaji na ya serikali, ili orodha itakayofuata iwe imekubaliwa na wanaoitumia.